Elimu ya Taarifa za Kijiografia kwa Masomo ya Mbali: Mfano wa Mishamo na Kazi ya Lugha

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi elimu ya taarifa za kijiografia inavyoweza kusomwa hadi shahada ya kwanza, kwa njia ya intaneti, na mtu akaaye mbali sana na chuo. Kisha kuonyesha ni fungu gani la elimu hiyo ambalo chuo cha mbali hakiwezi kumpa mwanafunzi wake. Mahali tulipopachagua kuwa mfano ni Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mwandishi si mpima ardhi. Kazi yake ni kufundisha isimu. Lakini kila ramani ina maandishi, na palipo na maandishi wataalamu wa lugha wana neno la kusema. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona mwanzoni kwamba jambo hili ni la wahandisi peke yao. Natumaini kwamba kabla ya kufika mwisho watakubali kuwa liko fungu ambalo, tusipolishughulikia sisi, halitashughulikiwa na mtu.

1. Neno "ramani"

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Neno ramani tumelipokea kwa njia ya mabaharia Waarabu, nao walilitoa katika Kiajemi, ambamo maana yake ilikuwa kitabu cha njia. Manahodha wa Bahari ya Hindi, katika zama za Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, waliita kwa jina hilo kile kitabu kilichoandikwa habari za safari: majina ya bandari, nyota za kufuatia, pepo na nyakati zake, vina vya maji, na alama za kuitambua pwani. Hakikuwa mchoro. Yalikuwa maneno na hesabu. Mchoro ulikuja baadaye ukarithi jina.

Hali kadhalika neno majira. Pamoja na maana ya nyakati za mwaka, lina maana ya mwendo wa chombo baharini, yaani njia anayoishika nahodha. Leo vitabu vya hesabu vyatumia neno majiranukta kwa zile hesabu mbili zinazoonyesha nukta ilipo. Basi maneno mawili makubwa ya elimu tunayoizungumzia yametoka baharini, na yote mawili yalikuwa na maana ya habari kabla hayajawa na maana ya picha. Jambo hili lina faida kwetu, kwa sababu elimu mpya imerudi karibu na maana ile ya kale. Kwa mtaalamu wa leo ramani si picha iliyobandikwa ukutani mwa darasa; ni daftari la habari ambalo kila mstari wake umefungwa na mahali pake duniani.

2. Elimu hii ni nini

Si watu wengi wa Afrika Mashariki wanaojua kwamba elimu hii ilianza kwa swali lililoulizwa juu ya ardhi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanajiografia Roger Tomlinson, aliyefanya kazi katika kampuni ya kupiga picha za angani huko Ottawa, Canada, alihusika katika kazi ya kutafuta mahali pa kupanda msitu wa miti ya viwanda nchini Kenya. Ilihitajiwa kuchukua ramani nyingi za nchi ile ile, hii ya udongo, hii ya mvua, hii ya miteremko, hii ya barabara, na kuzipandanisha moja juu ya nyingine ili kuona ni wapi masharti yote yalikutana. Kufanya hivyo kwa mkono kulikuwa na gharama iliyozidi kiasi. Tomlinson akaona kwamba ramani zikigeuzwa kuwa hesabu, kompyuta yaweza kuzipandanisha. Mwaka 1962 alikutana na Lee Pratt wa serikali ya Canada, na toka mwaka uliofuata kazi ya kuunda mfumo wa kwanza wa taarifa za kijiografia ikaanza, kwa ajili ya orodha ya ardhi ya Canada. Wazo lililozaliwa kwa shida ya Kenya likalelewa Canada.

Kwa miaka mingi jambo hili liliitwa mfumo, yaani chombo. Mwaka 1992 Michael Goodchild alitoa hoja kwamba nyuma ya chombo mna elimu kamili yenye maswali yake: mahali huelezwaje kwa hesabu? Kosa la kipimo huongezekaje kila ramani mbili zinapopandanishwa? Mpaka usio wazi, kama ule wa msitu na nyika, uchorwe wapi? Hapo ndipo jina la sayansi ya taarifa za kijiografia lilipopata nguvu, na leo ndilo lililoandikwa katika vyeti vya shahada.

Msingi wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Kila kitu kilicho juu ya ardhi huandikwa kwa moja ya maumbo matatu: nukta, kama kisima, mstari, kama barabara au mto, au umbo lililofungwa pande zote, kama shamba au kijiji. Kila umbo huandamana na safu ya habari katika jedwali: jina lake, aina yake, mwaka wake, mwenyewe. Maumbo ya aina moja huwekwa pamoja katika tabaka. Baada ya hapo mtu aweza kuuliza maswali ambayo karatasi haiwezi kuyajibu upesi: ni nyumba ngapi ziko zaidi ya mita 400 kutoka kwenye kisima? Ni mashamba yapi yamo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto? Nusu ya elimu hii, kwa hiyo, ni jiometri, na nusu ya pili ni lile jedwali. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

3. Mishamo

Mishamo iko kaskazini-magharibi ya mji wa Mpanda, katika nchi ya miombo ambayo wenyeji wake wa asili ni Watongwe na Wabende. Ilifunguliwa mwaka 1978 kuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi katika mauaji ya mwaka 1972. Wengi wa waliohamia hapo walitoka Ulyankulu, katika Mkoa wa Tabora, ambako watu walikuwa wamezidi ardhi na maji. Makazi yaligawanywa katika vijiji 16. Njia zilipasuliwa katika msitu, na kila jamaa ikapewa kiwanja kando ya njia. Yaani Mishamo ilikuwa ramani kwanza, ndipo ikawa mahali. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya uchunguzi wake hapo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kutoa kitabu mwaka 1995, ameeleza jinsi watu wa Mishamo walivyoishi wakiihesabu nchi yao kuwa iko kwingine.

Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliwapa watu hawa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Watu wapatao 162,000 wa makazi matatu, Katumba, Ulyankulu na Mishamo, waliomba uraia, na maombi yao yakakubaliwa. Mpango wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa kwamba makazi yafungwe na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine. Utoaji wa vyeti ukasimama kwa miaka kadhaa. Hatimaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa.

Twaona basi kwamba kwa watu hawa swali la "ni wapi?" halikuwa swali la kitaaluma tu. Kwa muda wa miaka saba hivi hawakuwa na hakika kama mahali walipozaliwa watoto wao pangebaki kuwa mahali. Na hata baada ya uraia, haki ya ardhi katika Tanzania hupitia katika mipaka: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yataka mipaka ya kijiji ijulikane na kukubaliwa kabla ya kijiji kupewa cheti cha ardhi yake. Mpaka ni orodha ya majiranukta pamoja na majina. Mwenye kuweza kuisoma orodha hiyo, akatambua ilipokosea, ana uwezo ambao jirani yake hana.

4. Kusoma kwa mbali

Kusoma shahada bila kuhudhuria chuo si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wa nje mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, nacho kina vituo mikoani. Lililo jipya ni kwamba barua imekuwa intaneti, na maabara yenyewe yaweza kusafiri.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Mishamo uko Kenya. Mwaka 2013 ulianza huko Dadaab, katika makambi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa elimu ya juu ulioviunganisha Chuo Kikuu cha York cha Canada na vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi. Miongoni mwa shahada zilizotolewa na York mlikuwa na shahada ya jiografia. Wanafunzi walisoma kwa kuchanganya mafunzo ya ana kwa ana na mafunzo ya intaneti. Mpango ule ulithibitisha jambo moja: mtu anaweza kusoma jiografia ya chuo kikuu hali akiwa mahali ambapo ramani nyingi hupaonyesha kama nafasi tupu.

Shahada ya kwanza ya sayansi ya taarifa za kijiografia, katika vyuo vya Marekani viifundishavyo kwa intaneti, huchukua kwa kawaida miaka minne na krediti 120. Ndani yake mna masomo ya ramani na mitandazo yake, takwimu, hifadhidata, uandishi wa programu, usomaji wa picha za setilaiti, uchambuzi wa mahali, uchoraji wa ramani, na mwishoni kazi ya utafiti ya mwanafunzi mwenyewe. Tumchukue mwanafunzi wa kufikirika aliye Mishamo, tumwulize anahitaji nini.

Kwanza yahitaji kompyuta na umeme, hata ukiwa umeme wa jua. Pili programu. Hapa mambo ni mepesi kuliko yalivyokuwa: programu ya QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, hutolewa bure, nayo hufanya kazi bila intaneti baada ya kuwekwa. Tatu data. Picha za Landsat hupatikana bure toka mwaka 2008. Za Sentinel-2, ambazo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, ni za bure pia. Na ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, kila mtu aweza kuichukua na kuisahihisha. Nne kipimo cha mahali. Simu janja ya kawaida hupokea ishara za setilaiti hata pasipokuwa na mtandao wa simu, na chini ya anga wazi huonyesha mahali kwa kosa la mita tano hivi. Chini ya matawi kosa huongezeka.

Shida kubwa ni uzito wa data. Kipande kimoja cha picha ya Sentinel-2 kina upande wa kilomita 110 hivi. Rangi moja tu ya kipande hicho, kwa vipimo vya mita 10, ina pikseli zaidi ya milioni 120. Kuivuta picha nzima kwa mtandao dhaifu ni kazi ya usiku kucha, na malipo yake si madogo. Lakini iko njia ya pili: huduma kama Google Earth Engine huiacha picha ilipo, na mwanafunzi hupeleka maagizo tu, mistari michache ya maandishi, kisha hurudishiwa jibu. Kwa mtu wa Mishamo njia hii ni nafuu kubwa, maana maandishi hupita mahali ambapo picha haipiti.

Jambo la tano si la mitambo. Kabla ya kulipa ada, mwanafunzi hana budi kuhakikisha kwamba shahada ya chuo cha nje itatambuliwa nchini. Kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje ni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Yafaa pia alinganishe na njia za nyumbani: Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho chenye historia ndefu ya kufundisha upimaji, na wanafunzi wake, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndio walioingia mitaani toka mwaka 2015 katika mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika maji.

5. Yale yafundishwayo na ardhi

Mwanafunzi wa mbali ana faida moja ambayo mwenzake wa mjini hana: akifungua mlango yumo ndani ya maabara. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa hesabu. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, zilizotengenezwa pamoja na idara ya upimaji ya Uingereza, hutumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Nukta moja ya ardhi, ikisomwa kwa misingi hiyo miwili kana kwamba ni mmoja, husogea yapata mita 300. Mita hizo zatosha kulihamisha shamba la mtu likavuka mto. Tena dunia imegawanywa katika kanda za vipimo zenye upana wa nyuzi sita za longitudo, na longitudo ya nyuzi 30 mashariki hupita kati ya Kigoma na Mishamo. Kigoma imo katika kanda ya 35, Mishamo katika kanda ya 36. Mwanafunzi akijumlisha data za pande hizo mbili bila kuangalia kanda, ramani yake itaharibika. Mwalimu wa ng'ambo hufundisha kanuni hii kwa mifano ya kubuni. Kwa mtu wa Mishamo ni jambo la safari ya basi.

Mfano wa pili ni wa misitu. Miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua majani mapya mekundu kabla ya mvua. Mtu wa mbali atazamaye picha ya Septemba na kuilinganisha na ya Machi ataona msitu umekufa. Naye mwenyeji ajua kwamba umelala tu. Kosa hili si dogo. Katika wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika, vijiji vinane vilivyo karibu na milima ya Ntakata hupata fedha kwa kuhifadhi misitu yao, na hesabu ya msitu uliobaki hutegemea picha za setilaiti. Picha ikisomwa vibaya, zahanati au darasa la kijiji laweza kukosa fedha.

Mfano wa tatu ni wa historia. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, mwaka ule ule wa maafa ya Burundi, na miaka sita kabla ya Mishamo kufunguliwa. Mwanafunzi aweza kufuata katika hazina ya picha hizo jinsi msitu ulivyofunguliwa, na kuyalinganisha aonayo na masimulizi ya wazee walioufyeka. Sijui utafiti wa shahada ya kwanza unaofaa zaidi kufanywa na mtoto wa mahali hapo.

6. Fungu la lugha

Sasa turudi kwenye lile jedwali. Jiometri mwanafunzi atafundishwa na chuo. Jedwali hataweza kufundishwa, kwa sababu linajazwa kwa maneno ya mahali, na mwalimu wa mbali hayajui. Nitaonyesha shida tatu.

Ya kwanza ni maana za maneno. Katika Kiswahili cha leo cha magazeti, mbuga ni hifadhi ya wanyama. Katika bara la magharibi na kati mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi, lisilo na miti, linalofurika wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, alipoeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo unavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, alilichukua neno hilo likaingia katika vitabu vya sayansi kwa maana hii ya pili. Basi mwanafunzi aandikapo "mbuga" katika safu ya aina ya ardhi, msomaji wa Dar es Salaam aweza kudhani kwamba kilimo kimekatazwa hapo, hali mwandishi alitaka kusema kwamba hapo pafaa kulimwa mpunga.

Ya pili ni majina. Mishamo yakutanisha Kirundi, Kiswahili, Kitongwe na Kibende. Kirundi huandika c palipo na sauti ambayo sisi twaiandika ch. Mji wa Cibitoke wa Burundi, ukiandikwa Chibitoke, kwa sikio ni mji ule ule. Kwa kompyuta ni miji miwili, na mtu atafutaye wa kwanza hataonyeshwa wa pili. Tena mgeni akiuliza "mto huu waitwaje?" aweza kujibiwa "umugezi", ambalo kwa Kirundi ni neno la mto wowote, naye akaliandika kuwa jina. Tusicheke. Ramani zetu zina Ziwa Nyasa, na neno nyasa lenyewe maana yake ni ziwa. Kosa la msafiri mmoja wa karne ya 19 limekaa hadi leo. Zaidi ya hayo, jina Mishamo lenyewe hutajwa kwa makazi yote ya vijiji 16, na pia kwa kata moja. Maumbo mawili yenye ukubwa mbalimbali yana jina moja. Mwenye kuandika takwimu "za Mishamo" hana budi kusema ni Mishamo ipi.

Ya tatu ni sarufi, na hapa lugha yetu ina utajiri ambao haujatumiwa. Kiswahili kina ngeli tatu za mahali. Twasema Mishamo pana kisima, Mishamo kuna visima, na Mishamo mna visima. Sentensi hizi hazina maana moja. Pa- huonyesha mahali dhahiri, mtu aweza kunyosha kidole. Ku- huonyesha eneo kwa jumla, pasipo kutaja mipaka. M- huonyesha undani, na undani hauwezekani pasipo mpaka. Mwanafunzi wa sayansi hii hutumia wiki nyingi za mwaka wa kwanza kujifunza kutenganisha nukta, eneo la jirani, na kuwamo ndani ya umbo lililofungwa. Mtoto wa Kiswahili amekwisha kuyatenganisha kabla ya kwenda shule, ila hakuna aliyemwambia kwamba alilofanya ni jiografia. Sisemi kwamba sarufi ni sawa na hesabu. Nasema kwamba mwalimu angeweza kuanza na kile ambacho mwanafunzi anacho.

7. Istilahi, na neno la mwisho

Shahada hizi hufundishwa kwa Kiingereza, na sidhani hali hiyo itabadilika karibuni. Lakini mwanafunzi akihitimu hatazungumza na mwalimu wake juu ya mpaka. Atazungumza na halmashauri ya kijiji, kwa Kiswahili. Mkutano ukikubali jambo usilolielewa, makubaliano hayo hayana thamani. Kwa hiyo istilahi ni sehemu ya haki.

Baadhi ya istilahi zimekwisha kutulia: ramani, majiranukta, tabaka, setilaiti, pikseli, hifadhidata. Nyingine zahitaji kuangaliwa. Kile kitendo cha kuitoa dunia ya mviringo na kuilaza juu ya karatasi bapa, baadhi ya watu hukiita makadirio. Neno hili halifai, kwa kuwa kila mtu hulisikia kwa maana ya bajeti au kukisia, naye mwenye shamba atadhani kwamba shamba lake limekisiwa. Napendekeza mtandazo, kutokana na kutandaza, nami nimelitumia hapo juu. Kuweka tabaka juu ya tabaka ili kupata jibu kwaweza kuitwa kupandanisha. Eneo lipimwalo kando ya mto au barabara laweza kuitwa ukanda wa kando. Na ule msingi wa vipimo, kama Arc 1960, yatosha kuuita msingi wa vipimo, maana kosa la mita 300 huelezeka vizuri kwa kusema kwamba watu wawili wamepima kutoka misingi miwili. Mapendekezo haya si amri. Yapelekwe vijijini yakajaribiwe, na yale yasiyoeleweka mkutanoni yaachwe.

Kwa ufupi, mtu wa Mishamo aweza kusoma elimu hii bila kuhama. Hesabu, programu na picha zitamfikia, kwa gharama na kwa subira. Lakini majina ya vilima na vijito, tofauti ya mbuga na mbuga, na maneno ya kuueleza mpaka mbele ya watu ambao mpaka huo utawafunga, hayo chuo cha mbali hakinayo. Yapasa yakusanywe mahali penyewe, kutoka kwa wazee walioingia msituni mwaka 1978 na kutoka kwa Watongwe na Wabende waliokuwa na majina yao kabla ya hapo, wakati bado wako wa kuulizwa. Mwanafunzi wa jiografia ataleta majiranukta. Sisi tulete tahajia, maana na istilahi. Mmoja wetu asipoleta lake, nukta itakuwa sahihi na jina lake litakuwa kosa. Na katika mambo ya ardhi, jina ndilo linalosomwa barazani.